Mkono wa Baba Chini ya Gari

Mpaka leo mtu akiniuliza kama gari anayotaka kuinunua ni bora iwe "ya nje" au "ya hapa", damu hunichemka. Najua haulizi kwa ubaya. Mimi mwenyewe niliuliza hivyo hivyo, tena kwa sauti ya kujiona. Lakini siku hizi nikilisikia neno hilo, nje, likitajwa karibu na gari, namwona mama yangu amekaa chini kando ya barabara ya Tunguu, ushungi umemtoka, ameushika mkono wake wa kulia kama kitu alichopewa amshikie mtu mwengine.

Wakati ule nilikuwa nakaa Mkunazini, ghorofa ya pili, mimi na binti zangu wawili, baada ya kuachika. Kazi yangu ilikuwa maktaba ya chuo, Tunguu, na mpaka sasa ndiyo kazi yangu. Nikitoka asubuhi watoto hawajaamka vizuri, nikirudi washakula kwa jirani. Nikaamua: nanunua gari, liwalo na liwe.

Baba ni fundi. Gereji yake iko nyuma ya nyumba yetu, Kiembe Samaki, na tangu nipate akili sijamjua na kazi nyengine. Yeye hasa si wa injini. Ni fundi wa bodi na wa kuchomelea vyuma. Gari ikigongwa, ikioza, ikipasuka chini, huletwa kwake. Nilipomwambia nia yangu alifurahi, akanivuta mpaka uwani, akanionyesha kwa kidole ng'ambo ya ukuta.

"Usihangaike. Kuna gari ya Bi Mkunga pale, anaiuza."

Bi Mkunga ndivyo tulivyomwita jirani yetu, mama mtu mzima aliyestaafu kazi ya kuzalisha. Kigari chake kilikuwa cha kijivu, kimepauka juu ya boneti, na kioo kimoja cha pembeni kimefungwa kwa waya.

"Ile naijua tokea siku iliyoshuka bandarini," Baba alisema. "Nnajua ilipogongwa, nnajua nini kimebadilishwa, nnajua nini kinataka kubadilishwa mwakani. Gari ya hapa raha yake ni kuwa maradhi yake yanajulikana."

"Baba, gari za hapa zishaliwa na chumvi. Mimi nataka iliyotoka nje. Mpya."

Alicheka. "Mpya? Kwani huko nje ilikuwa haiendeshwi?"

"Huko barabara zao nzuri. Na wenyewe wanatunza vitu."

Kicheko kikamkatika. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akarudi kazini. Nilijua nimemkata maini. Mtu aliyekula ujana wake chini ya gari za kisiwa hiki, unapomwambia gari za kisiwa hiki hazina watunzaji, unamwambia yeye. Nilijua, na sikumfuata kumtaka radhi.

Wala sikuwa nimezua la kwangu. Pale kazini mwenzangu mmoja alikuwa na gari iliyokuja moja kwa moja kutoka Japani, mwaka wa nne huo, na hajui fundi anakaa wapi, isipokuwa wa kumbadilishia oili. Mwengine alinunua gari ya mtu hapa hapa, na kila mwisho wa wiki alikuwa gereji, analalamika kama mwenye mgonjwa wodini. Hizo ndizo hadithi nilizozishika. Zile nyengine, za gari za nje zilizokufa kabla ya mwaka, na za vikongwe vya hapa vinavyopanda na kushuka kwenda Makunduchi kila siku ya Mungu, nilizisikia pia. Ila hazikunipendeza, basi sikuzishika.

Muuzaji niliyemwendea, mwenye yadi ya gari za nje, alikuwa mtu mzuri wa maneno. Kanzu imepigwa pasi, udi unanukia kabla hajafika. Gari aliyonionyesha ilikuwa nyeupe, ya aina ambayo nusu ya kisiwa wanayo. Viti bado vimevikwa nailoni, kioo cha mbele kina vibandiko vya maandishi ya Kijapani, na nilipozungusha ufunguo sauti ya mwanamke ikanisalimia kwa Kijapani. Niseme kweli? Sauti ile ndiyo iliyoniuzia gari. Niliona kama nimefika mahali.

"Hii, dada yangu, haijakanyaga barabara ya Unguja ila kutoka bandarini mpaka hapa," alisema. "Wallahi."

"Naweza kuja na fundi aitazame?"

Akatabasamu, tabasamu la kumwonea mtu huruma. "Fundi wa nini? Fundi hupelekwa kwenye gari iliyokwisha kutumiwa na watu. Hii nailoni yake utaichana mwenyewe."

Nikaona haya. Na jambo ninalolichukia zaidi katika kisa hiki chote ni kuwa nilishukuru pia. Sikutaka Baba aje pale na nguo zake za grisi, alale chini mbele ya mtu yule na kanzu yake. Nikamwambia sawa, hamna haja. Nikatia saini.

Niliipeleka Kiembe Samaki siku ile ile. Mama akaizunguka akisoma dua, akanyunyizia marashi magurudumu yote manne. Baba akafungua boneti, akasikiliza kwa muda, akasema, "Injini haina neno." Chini hakuingia. Magoti yalikuwa yanamsumbua, na mimi sikumwomba.

Miezi mitatu ilikwenda vizuri. Niliiegesha kando ya barabara, maana vichochoro vya Mkunazini havipitishi gari, na kila Ijumaa niliiosha, majirani wakipita wananiambia mashallah. Mwezi wa nne kikaanza kilio kidogo gurudumu la mbele upande wa kushoto. Kwi, kwi, kila nikipita kwenye shimo. Nikasema ni barabara zetu. Gari ya nje, imezoea lami laini, inashtuka.

Mama ni mzaliwa wa Bwejuu. Mpwa wake alikuwa anaolewa, tukaenda sote wanne, mimi, yeye na watoto, tukalala huko siku mbili. Jumapili baada ya adhuhuri tukaanza safari ya kurudi. Mama amekaa mbele pamoja nami, watoto nyuma, miguuni mwao kuna kikapu cha mikate ya ajemi na halua ya arusi. Tulishapita msitu wa Jozani, tumekaribia Tunguu, Mama anahadithia jinsi bibi arusi alivyogoma kulia mbele ya watu, nikasikia mlio kama wa ubao unaovunjwa gotini.

Usukani ukaniponyoka. Gurudumu la kushoto lilikunjika likaingia chini ya gari, gari ikalala upande, ikaburuza, ikatoka nje ya barabara na kugonga ukingo wa kalvati. Katika kuburuza kule Mama alitupa mkono wake nyuma, kati ya viti, kumzuia yule mdogo asiruke. Alimzuia. Tulipogonga, mkono ulibaki kule na mwili ukaja mbele.

"Watoto," ndilo neno lake la kwanza. "Watoto wazima?"

Walikuwa wazima. Mkubwa alipasuka mdomo tu. Watu wakatoka mashambani wakatusaidia kushuka. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi mjini na mihogo ndani ya gari yake akaishusha yote chini, akatupakia sisi, akatufikisha hospitali. Mkono wa Mama ulikuwa umevunjika mahali pawili, na kiwiko kimetoka. Alipoulizwa kama maumivu ni makali alisema hapana, kisha akazimia.

Baba aliagiza gari ivutwe mpaka gereji. Asubuhi ya pili yake nilimwacha Mama amelala na mkono wake wa plasta, nikaenda Kiembe Samaki. Nilimkuta Baba ameinyanyua gari kwa jeki mbili na magogo, ametandika kadibodi, yuko chini, miguu tu ndiyo inaonekana. Tochi inawaka.

"Shikamoo, Baba."

Hakuitikia. Nikadhani hakusikia.

"Shikamoo. Umeona nini?"

"Marahaba." Halafu akajiburuza akatoka, akakaa, lakini hakunitazama. "Ingia uangalie."

Nililala juu ya kadibodi na baibui langu. Alinimulikia kutoka pembeni. Kwa juu gari ilikuwa nyeupe pee. Kwa chini kutu ilikuwa imekula chuma tabaka kwa tabaka, ukigusa inamong'onyoka. Pale palipovunjika palikuwa pamepakwa rangi nzito nyeusi, kama lami, nayo sasa imebanduka, na chini yake ulionekana mshono wa kuchomelea. Vipinde vidogo vidogo, vimefuatana sawasawa kama kazi ya sindano kwenye kofia ya kiua, na mwishoni kijino kimoja kimerudi nyuma.

Niliujua mshono ule kabla hajanena. Nimeuona utotoni kwenye geti letu, kwenye kitanda changu cha chuma, kwenye mguu wa cherehani ya Mama.

"Unaijua kazi hii?" aliniuliza.

"Ni yako."

"Yangu."

Nilitoka chini. Alikuwa amekaa juu ya tairi, tochi bado inawaka mkononi na jua liko juu. Akanieleza. Miaka mitatu nyuma alikuja mtu wa upande wa Bwejuu na gari hii hii, wakati huo ya kijani. Alikuwa anachukulia wageni, anaingia nayo mpaka pwani kuburuza boti, maji ya chumvi yanaipiga tumboni kila siku. Ilikuwa imeoza. Baba akamchomelea, akamwambia: hii ni ya kukufikisha nyumbani tu, usipakie watu, itafutie chuma kizima.

"Akasemaje?"

"Akasema sawa. Akaniomba nipake rangi juu, pasionekane."

"Na wewe ukapaka."

"Mteja aliniomba."

"Ulijua kwa nini anakuomba?"

Aliizima tochi. "Nilijua."

Sijawahi kumpandishia Baba sauti kabla ya siku ile. Sikulelewa hivyo, na sisemi kwa kujisifu. Lakini nilipiga kelele mpaka Bi Mkunga akachungulia juu ya ukuta. Nilimwambia aliyeuza alidanganya kwa ulimi, yeye kadanganya kwa mkono, na mkono ndio unaodumu. Nilimwambia Mama kakaa juu ya uongo wake miezi minne, kaunyunyizia marashi. Nilisema na mengine, hayo nitakwenda nayo kaburini. Hakujitetea. Ningeona nafuu angejitetea.

Siku ya pili tukaenda kwa muuzaji, mimi na yeye, hatusemeshani. Palikuwa na mume na mke, vijana, wameshakaa ndani ya gari moja ya buluu, nailoni inalia chini yao, mke anacheka kwa furaha. Nililijua cheko lile.

"Karibu dada yangu," muuzaji alisema. "Vipi gari?"

Nikamweleza kilichotokea. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Pole sana. Ajali ni kazi ya Mungu. Na barabara zetu hizi, gari ya Kijapani haijazizoea..."

"Gari hii nimeichomelea mimi," Baba alisema.

Alisema kwa sauti ambayo yadi nzima iliisikia. "Hapa hapa Unguja. Ilikuwa ya kijani. Nimeichomelea mimi, na rangi ya kuficha nimepaka mimi. Niulize mimi nilivyoificha, kisha nikuulize wewe ulivyoificha."

Muuzaji akatuvuta pembeni, na huko pembeni ndipo ukweli ulipomtoka, tena bila aibu. Alileta kweli gari ya aina ile kutoka nje, ikafika imebondeka haifai. Akanunua hii ya Bwejuu kwa bei ya chuma chakavu, akaipaka rangi nyeupe, akarudisha geji ya kilomita nyuma, akaivika karatasi za ile iliyobondeka. Nailoni inauzwa dukani kwa mita. Vibandiko vya Kijapani alivitoa kwenye ile nyengine, na redio yenye sauti ya yule mwanamke pia.

"Uliniapia," nilimwambia. "Ulisema wallahi."

"Sasa nikuulize, dada. Ningekwambia hii ni ya Bwejuu, ungeinunua?"

"Nisingenunua!"

"Basi." Akafungua viganja vyake, kama kesi imekwisha. "Gari ya hapa, nzima kabisa, inakaa kwangu mwaka hakuna anayeiuliza. Nikiivika nailoni, wiki haimalizi. Nyinyi ndio mnaotufundisha uongo."

Nilitaka nimpige. Mkono wangu ulishanyanyuka, ninaukumbuka. Kilichonizuia si adabu. Kilichonizuia ni kuwa katika maneno yake yote machafu lilikuwemo moja ambalo sikuwa na jibu lake, na mtu mwongo anapokushika kwa neno la kweli, hasira hukosa pa kutokea.

Nilipogeuka, Baba hakuwa nyuma yangu. Alikuwa ameifuata ile gari ya buluu. Aliwaomba wale vijana washuke, akapiga goti moja, akapiga la pili, uso umemkunjana kwa maumivu, akalala chali mchangani mbele ya watu wote, na shati lake jeupe la kutokea, akajisukuma chini ya gari. Tukamsubiri. Muuzaji akawa anajifuta jasho. Baba akatoka ana mchanga mpaka masikioni.

"Hii nzima," aliwaambia wale vijana. "Hii kweli imetoka nje, na chini ni safi. Ichukueni."

Nilipandwa na wazimu. Tumekuja kumfedhehesha mtu, yeye anamuuzia gari! Tulipofika nje nikamuuliza amefanya nini.

"Nimesema nilichokiona," alinijibu. "Ulitaka nidanganye tena?"

Kesi tuliifikisha kwa sheha wa mtaa, kisha polisi, na muuzaji akaandikiwa kunirudishia pesa zangu. Alirudisha kwa kuburuzwa, na sina hamu ya kuhadithia namna alivyoburuzwa. Alitaka na gari yake airudishe yadi. Hapo nilikataa katakata. Nilijua ingetoka tena baada ya mwezi, labda ya buluu, labda nyekundu, inamsubiri mama wa mtu mwengine. Baba aliikata mwenyewe, kwa moto wa gesi, vipande ambavyo hakuna fundi angeweza kuviunga. Nilisimama pale mpaka alipokata kipande cha mwisho. Nilidhani roho ingetulia. Haikutulia.

Baba mwenyewe alimwambia Mama, hospitali, kabla mimi sijamwambia. Nilikuwa mlangoni na chupa ya uji. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akatazama plasta yake, akamuuliza swali moja tu.

"Na ungekuwa mkono wa mke wa mtu mwengine, ungeniambia?"

Baba alinipokea chupa, akaanza kummiminia uji.

Tangu hapo hapaki rangi juu ya mshono. Anasafisha, anapaka mafuta mepesi yasiyoficha kitu, anamwita mwenye gari alale chini aone. Wateja wengine wamemkimbia. Wanasema mzee kawa mkaidi, anawaharibia bei. Kigari cha Bi Mkunga kilinunuliwa na mwalimu wa Fuoni, na mimi siku hizi nakwenda Tunguu kwa gari ya mwenzangu wa kazini, ile ya kutoka Japani, ambayo bado nzima. Sina uhasama na gari za nje. Zipo nzuri, na za hapa zipo nzuri, na mbovu zimo kote kote. Uhasama wangu ni na watu wanaoona neno moja linatosha kuwa ushahidi, na namba moja katika watu hao nilikuwa mimi.

Kiwiko cha Mama hakinyooki. Plasta ilitolewa, akafanyishwa mazoezi, lakini mkono ulikataa kupita hapo ulipofika. Hawezi kufunga ushungi wake vizuri wala kukuna nazi. Jumapili tukienda kula Kiembe Samaki, Baba ndiye anayekaa juu ya mbuzi ya nazi, magoti yake mabovu yamekunjwa, anakuna vibaya, anafika mpaka kwenye gome, tui linatoka jeusi. Mama humfokea kutoka jikoni: "Umekuna kifuu au umekuna nazi?" Watoto hucheka. Yeye huchukua nazi nyengine.

Mimi nampokea bakuli, nasema ahsante Baba, nakwenda kuchuja. Bado sijamsamehe. Yeye anajua, na hajaniomba.